Kabla Fomaika Haijabandikwa: Namna ya Kuchagua Bodi ya Chini kwa Kaunta na Meza za Huduma

Mwananchi anapoingia katika zahanati, ofisi ya mtendaji wa kata au maktaba ya shule, mahali pa kwanza anapoweka mkono mara nyingi ni juu ya kaunta au meza. Uso wake ni laini, una rangi ya kupendeza na hufutika kwa kitambaa. Uso huo ni fomaika. Chini ya fomaika iko bodi ambayo mwananchi haioni, na bodi hiyo ndiyo inayoamua kama kaunta itahudumia watu kwa miaka mingi au itafura na kubanduka kabla ya masika ya pili.

Makala hii imeandaliwa kwa ajili ya wajumbe wa kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi katika vituo vya afya, zahanati na shule, ambao hukabidhiwa fedha za umma ili wanunue vifaa na kumlipa fundi. Itawafaa pia wakazi wanaotengeneza makabati ya jikoni na meza za biashara kwa fedha zao wenyewe. Jambo la kushika ni moja: bodi ikaguliwe kabla haijafunikwa. Fomaika ikishabandikwa pande zote, bodi hafifu na bodi imara hufanana kabisa machoni, na tofauti yake hujulikana baada ya fundi kulipwa na kuondoka.

FOMAIKA NI NINI

Jina fomaika limetokana na Formica, kampuni iliyoanzishwa Marekani, katika jiji la Cincinnati, mwaka 1913. Waanzilishi wake, Daniel O'Conor na Herbert Faber, walikuwa wakitafuta kitu cha kutumika badala ya madini ya maika katika vifaa vya umeme, na jina hilo lina maana ya "badala ya maika". Baadaye bidhaa hiyo ilihamia kwenye meza na kaunta, na jina la kampuni likawa jina la kila karatasi ngumu ya aina hiyo, hata inapotengenezwa na kiwanda kingine.

Fomaika ni karatasi. Tabaka kadhaa za karatasi ya kahawia hulowekwa katika gundi ya fenoli. Juu yake huwekwa karatasi yenye rangi au picha iliyolowekwa katika gundi ya melamini. Kisha zote hushindiliwa pamoja kwa joto kali na mgandamizo mkubwa mpaka ziwe kitu kimoja. Unene wake kwa kawaida ni kati ya milimita 0.6 na 1.2. Uso wake haukwaruziki kwa urahisi na hauruhusu maji kupenya.

Hata hivyo, kitu chenye unene wa milimita moja hakiwezi kubeba mzigo. Fomaika haikazi meza, haishiki skrubu, wala haizuii maji yanayoingia kupitia kingo au upande wa chini. Kazi hizo zote ni za bodi. Anayechagua fomaika kwa rangi na kumwachia muuzaji amchagulie bodi amechagua shati na kuacha mwili.

SIFA ZINAZOTAKIWA KWA BODI

Bodi inayofaa kubandikwa fomaika inatakiwa kuwa na sifa tano.

Kwanza, uso wake uwe bapa na laini. Fomaika ni nyembamba, hivyo kifundo, tundu au mchanga uliobaki juu ya bodi huonekana baadaye kama kipele, hasa pale mwanga unapoingia kwa pembeni.

Pili, unene wake uwe sawa kila mahali. Bodi yenye milimita 18 upande mmoja na 16 upande mwingine haiwezi kuunganishwa na nyingine bila kuacha ngazi.

Tatu, itulie. Kila kitu kilichotokana na mti hunyonya unyevu wakati wa mvua na kuutoa wakati wa kiangazi, na katika kufanya hivyo hupanuka na kusinyaa. Bodi ikitembea sana kuliko fomaika iliyo juu yake, gundi huachia au bodi hupinda.

Nne, iwe na uwezo wa kustahimili maji kwa kadiri ya mahali itakapotumika. Meza ya mwalimu na kaunta yenye sinki hazihitaji bodi ya namna moja.

Tano, ishike skrubu. Bawaba za milango, miguu ya meza na vyuma vya kushikilia sinki vyote hutegemea skrubu zilizozama ndani ya bodi.

AINA ZA BODI ZINAZOPATIKANA

Chipubodi. Hutengenezwa kwa chengachenga za mbao zilizochanganywa na gundi na kushindiliwa. Bei yake ni nafuu, uso wake ni bapa, na hutulia vizuri mahali pakavu. Udhaifu wake ni maji. Chipubodi ya kawaida ikilowa hufura, na ikikauka hairudi katika unene wake wa awali; chenga huachana na kingo humong'onyoka kama mkate. Skrubu ikichomolewa na kurudishwa mara mbili tatu, tundu hulegea. Inafaa kwa rafu za majalada na meza za ofisi. Haifai karibu na maji.

MDF. Hutengenezwa kwa nyuzinyuzi za mti zilizosagwa laini, zikachanganywa na gundi na kushindiliwa. Uso wake ni laini kuliko wa bodi nyingine zote, kwa hiyo fomaika hukaa juu yake bila dosari. Ni nzito: shiti moja ya milimita 18, yenye upana wa milimita 1,220 na urefu wa milimita 2,440, ina uzito unaokaribia kilo 40. MDF ya kawaida nayo hufura ikilowa, hasa kwenye kingo, na hupasuka skrubu ikikazwa kwenye ukingo bila kutobolewa kwanza. Ipo aina inayostahimili unyevu, ambayo viwanda vingi huitia rangi ya kijani kwa ndani. Rangi hiyo ni ishara tu, si ushahidi. Tena kustahimili unyevu wa hewa si sawa na kustahimili maji yanayotuama.

Plaiwudi. Hutengenezwa kwa tabaka nyembamba za mti zilizobandikwa kwa kupishana, nyuzi za tabaka moja zikielekea urefu na za tabaka inayofuata zikielekea upana. Kupishana huko ndiko kunakoifanya itulie, kwa kuwa kila tabaka humzuia mwenzake kupanuka. Plaiwudi ni nyepesi kuliko MDF, hushika skrubu vizuri zaidi na, ikiwa gundi yake ni ya kustahimili maji, huvumilia kulowa kwa muda bila kuharibika. Udhaifu wake ni uso: plaiwudi ya daraja la chini ina vifundo, mapengo kati ya tabaka, na wakati mwingine hupinda. Nchini Tanzania viwanda vingi vya bidhaa hii viko Mafinga na maeneo mengine ya Wilaya ya Mufindi, mkoani Iringa, karibu na shamba la miti la Sao Hill, vikitumia misindano na mikaratusi.

Marini bodi. Jina hili linahitaji uangalifu. Madukani mara nyingi hupewa plaiwudi yenye utando wa kahawia au mweusi unaong'aa, iliyokusudiwa kumwagia zege. Gundi ya fomaika haishiki vizuri juu ya utando huo mpaka usuguliwe kwa msasa na kuondolewa. Aidha, jina pekee halithibitishi kwamba gundi iliyo kati ya tabaka inastahimili maji. Kamati isilipie jina; ipime bodi kwa njia zitakazoelezwa hapa chini.

Blokibodi. Ndani yake mna vipande vya mbao vilivyopangwa bega kwa bega, na juu na chini kuna tabaka nyembamba za mti. Ni nyepesi na haipindi upesi chini ya mzigo kwa urefu wake, hivyo hufaa kwa milango na rafu ndefu. Ikitengenezwa ovyo, mipaka ya vipande vya ndani huweza kuonekana juu ya fomaika kama michirizi.

Hadibodi. Ni nyembamba mno kuwa bodi ya kaunta. Matumizi yake ni migongo ya makabati.

Mbao za kawaida. Wapo wanaoamini kwamba mbao halisi zilizounganishwa ni bora kuliko bodi yoyote ya kiwandani. Kwa fremu na miguu ya meza, imani hiyo ni sahihi. Kwa kubandika fomaika, si sahihi. Ubao husinyaa sana kwa upana wake: ubao wa msindano wenye upana wa sentimita 20 ukitumika ukiwa mbichi hupungua milimita kadhaa unapokauka. Fomaika haiwezi kuufuata. Itabanduka au kupasuka kwenye maungio.

MAHALI PANAPOAMUA AINA

Baada ya kuzijua aina hizo, kamati ijiulize swali moja kwa kila meza: je, maji yatafika hapa, na kwa kiasi gani?

Kwa meza za ofisi, kaunta za mapokezi na rafu za majalada, mahali pasipo na maji, chipubodi nzuri au MDF ya kawaida inatosha. Kununua bodi ya bei kubwa kwa rafu ya majalada ni kutumia vibaya fedha ambazo zingefanya kazi kwingine.

Kwa meza za darasani na maktaba, ambazo husukumwa, huvutwa na kukaliwa, plaiwudi inafaa zaidi kwa sababu hushika skrubu za miguu na kingo zake hazimong'onyoki zikigongwa.

Kwa dirisha la dawa, chumba cha sindano, maabara ya shule na kaunta yoyote yenye sinki, iwekwe plaiwudi yenye gundi inayostahimili maji. MDF ya kustahimili unyevu inaweza kufuata kwa pale panapofutwa tu, pasipo sinki. Hapa suala si uzuri. Ukingo uliofura na kufunguka huwa na nyufa ambazo kitambaa chenye dawa hakifiki, na uchafu wa mgonjwa mmoja hubaki ukimsubiri mwingine. Kaunta ya aina hiyo haiwezi kusafishwa hata mhudumu akiwa na bidii ya namna gani.

Kwa chumba cha kuoshea vifaa na mahali ambapo maji hutuama kutwa, jibu sahihi ni kutotumia fomaika kabisa. Vigae, terazo au chuma kisichoshika kutu ndivyo vinavyofaa, kwa kuwa hakuna bodi ya mti itakayovumilia hali hiyo kwa muda mrefu.

KINGO NA UPANDE WA CHINI

Maji hayaingii kwenye bodi kupitia uso wa fomaika. Huingia kupitia kingo, matundu ya sinki, maungio na upande wa chini. Hapo ndipo methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta inapokuwa maelekezo ya kazi.

Kila ukingo ufunikwe, ukiwamo ule unaotazamana na ukuta ambao hauonekani. Tundu la sinki likishakatwa, kingo zake zipakwe vanishi, rangi ya mafuta au gundi isiyopitisha maji mara mbili kabla sinki halijawekwa, kisha lizungushiwe silikoni. Pembe za tundu hilo zisikatwe kwa ncha kali. Fundi atoboe kwanza tundu la mviringo katika kila pembe, ndipo akate kufuata mstari, kwa sababu fomaika huanza kupasuka kwenye pembe kali. Kiungo cha vipande viwili vya kaunta kisiangukie katikati ya sinki. Kipelekwe mahali pakavu.

Upande wa chini husahauliwa kuliko sehemu nyingine zote. Bodi iliyobandikwa fomaika upande wa juu tu hunyonya unyevu kupitia upande wa chini peke yake. Matokeo yake ni kupinda kama kigae cha paa. Dawa yake ni kubandika karatasi ya kusawazisha upande wa chini, yaani fomaika ya aina hiyo hiyo isiyo na rangi ya kupendeza na ya bei nafuu zaidi. Kwa kaunta iliyofungwa imara juu ya fremu yenye nguzo za karibu, kupaka vanishi upande wa chini kwaweza kusaidia. Lakini kwa meza isiyo na fremu ya kuishika, na kwa mlango wa kabati, karatasi ya kusawazisha ni ya lazima.

Bodi ya milimita 18 ishikiliwe na fremu au nguzo angalau kila baada ya sentimita 60. Miguu ikae juu ya chuma au saruji na isigusane na udongo, kwa kuwa mchwa hawabagui kati ya ubao wa kawaida na bodi ya kiwandani.

GUNDI NA AFYA YA FUNDI

Bodi na fomaika vikae pamoja katika chumba kimoja kwa siku mbili au tatu kabla ya kubandikwa ili vizoee unyevu mmoja. Mafundi wengi hutumia gundi ya kugusana, ile ya rangi ya manjano. Gundi hiyo hupakwa pande zote mbili, kisha huachwa mpaka kidole kikigusa hakinasi. Kwa kawaida ni dakika 10 hadi 20, kwa kufuata maelezo ya kopo. Anayebandika gundi ikiwa bado mbichi hufungia mvuke ndani, na fomaika hufanya malengelenge baada ya siku chache. Ubandikaji uanzie katikati kuelekea kingo, na fomaika yote ikandamizwe kwa rola au kwa kipande cha ubao kilichovikwa kitambaa.

Mvuke wa gundi hiyo hushika moto kwa urahisi na hulevya. Kazi ifanyike nje au mahali penye madirisha wazi, pasipo jiko, sigara wala cheche.

Vumbi nalo si la kupuuzwa. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, limeliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, na katika kundi hilo imo pia fomaldehaidi, kemikali inayotoka katika gundi nyingi zinazotumika kutengeneza chipubodi na MDF. Fundi na msaidizi wake wavae barakoa wanapokata. Watoto wasikaribie. Bodi isikatiwe ndani ya wodi au darasa linalotumika. Inapowezekana, inunuliwe bodi yenye alama ya E1, ambayo maana yake ni kwamba kiwango cha kemikali hiyo kinachotoka kimewekewa kikomo. Na kufunika nyuso na kingo zote huipunguza zaidi.

MAJARIBIO AMBAYO KAMATI INAWEZA KUYAFANYA

Wajumbe hawahitaji kuwa mafundi ili kuikagua bodi. Majaribio manne yafuatayo yanahitaji ndoo, rula na macho.

Jaribio la ndoo. Kabla ya kununua, omba kipande cha bodi chenye ukubwa wa kiganja. Pima unene wake na uandike. Kizamishe katika ndoo ya maji kwa saa 24, kisha pima tena. Weka vipande vya bodi mbili au tatu kwa pamoja ili kulinganisha. Bodi iliyofura sana, au ambayo tabaka zake zimeachana, isikaribie maji hata kama muuzaji anaiita marini.

Jaribio la kuchemsha. Kwa plaiwudi inayodaiwa kustahimili maji, chemsha kipande kidogo katika sufuria kwa saa moja. Gundi isiyo ya maji huachia na tabaka hutengana. Sufuria hiyo isitumike tena kwa chakula.

Jaribio la macho. Tazama kingo zote nne. Mapengo meusi kati ya tabaka za plaiwudi ni dalili kwamba ndani mna nafasi zisizojazwa. Kisha inua ukingo hadi usawa wa jicho na utazame kwa urefu. Bodi iliyopinda itajionyesha.

Jaribio la unene. Pima katika pembe zote nne. Bodi inayouzwa kama milimita 18 ikionekana kuwa 15 au 16, mnunuzi amelipia kitu ambacho hakupewa.

MAPOKEZI YAFANYIKE MARA MBILI

Kwa kawaida kamati ya mapokezi huitwa kazi ikiwa imekamilika. Kwa samani za fomaika, utaratibu huo huwafanya wajumbe wasaini kitu wasichokiona. Inashauriwa mapokezi yafanyike mara mbili: mara ya kwanza bodi zinapofika, kabla hazijakatwa na kufunikwa, mara ya pili kaunta inapokamilika. Katika mapokezi ya kwanza, wajumbe wafanye vipimo, waweke saini juu ya kipande kilichojaribiwa na kukihifadhi ofisini pamoja na stakabadhi. Endapo ubishi utatokea baadaye, kipande hicho kitasema.

Ili hayo yawezekane, hati ya kuagiza iwe na maneno yanayopimika. Kuandika "kaunta ya fomaika, nzuri na imara" ni kumwachia fundi aamue. Iandikwe aina ya bodi, unene wake, aina ya gundi kati ya tabaka, unene wa fomaika, namna kingo zitakavyofunikwa, kitakachowekwa upande wa chini, na umbali kati ya nguzo.

HESABU YA BODI NA YA FEDHA

Shiti moja ya bodi, kwa vipimo vilivyotajwa, ikipasuliwa kwa urefu hutoa vipande viwili vyenye upana wa sentimita 60, huku sentimita 2 zikibaki kwa ajili ya msumeno na kunyoosha kingo. Kwa hiyo zahanati inayohitaji kaunta mbili za mita 2.4, moja ya mapokezi na nyingine ya dirisha la dawa, inahitaji shiti moja ya bodi kwa nyuso za juu, shiti moja ya fomaika na shiti moja ya karatasi ya kusawazisha. Rafu, milango na vipande vya kunenepesha ukingo vina hesabu yake peke yake, nayo ioneshwe kando. Meza ya mwanafunzi yenye sentimita 120 kwa 60 hutoka nne katika shiti moja. Meza 40 ni shiti 10. Makadirio yanayopita hapo yana haki ya kuombwa maelezo.

Kuhusu bei, tuchukue mfano wa kuwazia. Bodi hafifu ni shilingi 60,000 na bodi imara ni shilingi 90,000. Fomaika, gundi na ufundi kwa kaunta hiyo ni shilingi 140,000, bodi iwe ipi. Kaunta ya kwanza itagharimu shilingi 200,000 na ya pili shilingi 230,000. Ikiwa ya kwanza itaharibika baada ya miaka miwili na ya pili baada ya minane, basi kwa kila mwaka wa matumizi ya kwanza imegharimu shilingi 100,000 na ya pili shilingi 28,750. Nafuu ya shilingi 30,000 katika bodi imepoteza pia shilingi 140,000 za kila kitu kilichowekwa juu yake, kwa sababu fomaika ikishabandikwa haibanduliwi ikatumika tena.

NAFASI YA MAFUNDI WETU

Vikundi vya useremala katika kata vinaweza kufanya kazi hizi kwa ubora unaotakiwa. Kisheria, kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi kinachoandaa andiko la mradi wa samani kifikirie kuomba mashine ya kukatia kingo, rola na barakoa pamoja na mbao, kwa kuwa vifaa hivyo ndivyo vinavyotenganisha kazi ya kurudiwa na kazi ya kudumu. Maelezo ya mikopo hutolewa na Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata.

UTUNZAJI

Kaunta iliyotengenezwa vizuri hutunzwa kwa mambo machache. Maji yafutwe yanapomwagika. Dawa yenye klorini isiachwe ikatuama juu ya uso. Ifutwe kwa maji safi baada ya muda uliowekwa. Sufuria au chombo cha kuchemshia vifaa kinachotoka motoni kiwekwe juu ya kigae, kwa sababu joto hulegeza gundi. Silikoni ya sinki ikaguliwe kila kabla ya masika, na ikipasuka ibadilishwe siku hiyo hiyo.

Kamati inayojiandaa kuagiza samani iwasiliane na Afisa Mtendaji wa Kata ili iunganishwe na idara ya ujenzi ya halmashauri kwa ushauri kabla ya hati kusainiwa. Mkazi yeyote anayeona kaunta ya huduma ya umma iliyofura au kubanduka atoe taarifa kwa kamati ya usimamizi wa kituo hicho au kwa kamati ya shule, na aulize swali ambalo kila mlipakodi ana haki ya kuliuliza: chini ya fomaika hii iliwekwa bodi gani, na ni nani aliyeikagua kabla haijafunikwa?